Geuza nyimbo ujifunze kiingereza cha kila siku

Chukua wimbo ambao mtaa mzima unaujua, hata ule wa michezo ya watoto, mradi kiitikio kijirudie maana kiitikio ndo kitakubebea maneno. Muziki wa singeli uache kwanza, unakimbia mno. Alafu tafuta maneno ya kiingereza ya sehemu moja tu, jikoni au pale Feri kwenye soko la samaki, manne matano yanatosha.

Sasa hapa ndo pana utamu, tunga kisa cha kijinga, tena kijinga haswa, kwasababu ukicheka neno linakaa. Yale yanayofanana mdomoni yagonganishe, mfano huku kwetu Mtwara msimu wa korosho watu wamekaa barazani wanabangua, mmoja anaanzisha "Nimetumwa bucket, nikabeba basket, maji yote njiani!" wengine wanaitikia "basket, basket, yamebaki matone!" (bucket ni ndoo, basket ni kikapu). Au "Chicken kaingia kitchen, kala mchele wote", yaani kuku kaingia jikoni. Anayekosea anaimba kiitikio peke yake.

Kitu msikipuuze jamani ni mkazo. Sisi kwenye kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, hospiTAli, wao waingereza hospital wanakaza mwanzo kabisa, HOS, kwahiyo hiyo HOS iangukie pale ngoma inapopiga, ikikataa badilisha wimbo usilazimishe neno. Na sikiliza kwanza matamshi kwenye kamusi ya simu yenye sauti kabla hujawafundisha wadogo zako, likishaingia vibaya na wimbo kulitoa ni kazi kwelikweli. Ukiwa sokoni liimbe kimoyomoyo huku umekishika kitu chenyewe, likikaa ongeza ubeti.