Kurekebisha trela likae na boti iliyotumika: tulivyofanya kwa boti ya futi 16

Shemeji yangu alinunua boti ya faiba ya futi 16 huko Tanga, iliyokwishatumika, pamoja na mashine ya farasi 40. Trela hakupewa. Akapata lililokuwa la jenereta, akaniita tulirekebishe. Boti ilifika Bagamoyo salama, kwa kupita Segera na Msata, basi naandika tulivyofanya kwa yeyote mwenye boti isiyo na trela.

Hatua ya 1: Jua uzito wa boti

Ipeleke kwenye mizani juu ya fuso ikiwa na kila kitu: mashine, betri, nanga, tangi lenye mafuta (lita 25 za petroli ni karibu kilo 19). Usifuate uzito wa kwenye karatasi. Boti kuukuu mara nyingi ile sponji ya chini ya sakafu imekunywa maji. Ng'oa kizibo cha nyuma, inua omo (sehemu ya mbele ya boti), iache ichuruzike usiku kucha ndipo upime. Yetu ilisoma kilo 620.

Hatua ya 2: Kagua trela

Mimi nachagua fremu ya chaneli (chuma kilicho wazi upande mmoja), si ya skwea paipu (bomba la pembe nne). Maji ya chumvi yakishaingia ndani ya paipu hayatoki, na kutu inakula kutokea ndani huku rangi ya nje ikiwa nzuri. Ekseli ya nyuma ya gari yenye difu (lile bonge la gia la katikati) siitaki kabisa: ni nzito, na ukiishusha baharini maji yanaingia kwenye oili.

Springi za trela la jenereta ni ngumu mno kwa boti. Tulipunguza vyuma kutoka sita hadi vitatu kila upande. Ukiziacha zilivyo, kila shimo la barabarani linapiga faiba moja kwa moja.

Hatua ya 3: Ekseli ikae wapi

Hapa usiharakishe. Trela langu la kwanza nilichomelea ekseli katikati ya urefu wa boti, kwa macho tu. Mashine iko nyuma, kwa hiyo uzito ulilalia nyuma na mdomo wa trela (sehemu ya mbele inayoshikana na gari) ukawa mwepesi. Nilipofika mwendo wa 60, trela likaanza kuyumba kulia na kushoto, na kila yumbo lilikuwa kubwa kuliko la kabla yake. Niliachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki, likatulia. Kukata na kuchomelea upya kulinila siku mbili.

Sasa nafanya hivi. Naweka bomba la nchi 4 juu ya sakafu ngumu, nalaza boti juu yake kwa mkuku (uti wa chini wa boti), bomba likiwa limekingama. Watu wawili wanashika kila ubavu. Tunaisogeza mbele na nyuma hadi omo na tezi (nyuma ya boti) zinyanyuke sawa. Hapo napiga alama ya chaki: ndipo uzito wote ulipo. Mashine iwe imefungwa mahali pake, na tangi na betri pia. Ukizisahau, alama ni ya uongo.

Alama hiyo lazima ikae mbele ya ekseli. Kipimo changu ni sentimita 8 kwa kila mita 1 kutoka mdomo wa trela hadi ekseli. Letu lilikuwa mita 4, kwa hiyo sentimita 32. Hata hivyo usichomelee bado! Funga ekseli kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) ili isogee. Pandisha boti, weka mdomo wa trela juu ya mizani ya kupimia watu, kwa kimo kilekile cha gari. Unatafuta asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Boti na trela vilikuwa kilo 850, na mizani ikasoma 71. Ingesoma 40, ningesogeza ekseli nyuma.

Angalia pia tufe la kuvutia, lile la kwenye gari linaloingia kwenye mdomo wa trela. La milimita 50 na la nchi 2 yanafanana machoni, lakini la milimita 50 likiingia kwenye mdomo wa nchi 2 linacheza.

Hatua ya 4: Rola na mbao

Mkuku ulale juu ya rola, ubavu ushikwe na mbao zilizovikwa zulia. Ufukwe wa Bagamoyo umelala sana, trela halizami vizuri, bila rola utavuta hadi jasho likuishie. Mbao zifike mpaka chini kabisa ya ubao unaobeba mashine. Zikiishia nusu mita kabla, tumbo la boti linapinda polepole, na boti iliyopinda haikimbii tena.

Hatua ya 5: Kufunga

Winchi ni ya kuvutia, si ya kufungia. Mikanda miwili nyuma, mnyororo mmoja kwenye pete ya omo.

Hatua ya 6: Beringi

Habu (kitovu cha gurudumu, ndimo beringi zinamokaa) ikitoka barabarani huwa ya moto. Ukiizamisha hapohapo, inapoa ghafla na kufyonza maji ya chumvi kupitia sili. Subiri nusu saa, na kama ni bamvua (siku za maji makubwa) panga safari ufike kabla maji hayajajaa ili usilazimike kukimbilia. Chomoa waya wa taa kwanza. Ukirudi, osha habu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na safarini beba habu moja ya akiba iliyokwishapakwa grisi, pamoja na spana yake.