Namna ya kuwapa wasichana nafasi katika michezo na vilabu vya shule
Kabla ya kuchagua timu ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, mwalimu wa michezo aorodheshe kwa wiki mbili ni wavulana na wasichana wangapi hubaki uwanjani baada ya masomo, kisha awaulize wasiobaki sababu zao, kwa maana mara nyingi msichana hakosi hamu, bali anawahi nyumbani kuteka maji na kupika kabla giza halijaingia. Ikiwa ndivyo, mazoezi yaingizwe ndani ya ratiba ya masomo. Wasichana wapewe zamu yao ya uwanja na mpira wao, wala wasiishie kwenye netiboli, pamoja na chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo. Katika klabu ya mdahalo, uenyekiti uzunguke kila muhula, na wavulana nao waandike kumbukumbu za kikao.