Kupokea Bia ya Meli Kwenye Stoo ya Hoteli

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli, Nungwi, Unguja. Bia ikishuka bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, iwe Kilimanjaro ya bara, Tusker ya Kenya au Heineken ya Uholanzi, imeshakula joto la safari. Kazi yetu ni kutoiongezea.

Gari likifika, usitie saini kwanza. Fungua kreti za chini, si za juu tu. Pitisha kidole kwenye vizibo: chumvi ya bahari huanzia hapo, na kizibo kilichokula kutu huweza kuvujisha gesi. Tarehe ya mwisho isome kwenye chupa yenyewe.

Kisha kuna jua, na hapa sikubali mzaha. Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Mwanga ukiupiga, bia hutoa harufu mbaya, na kwa jua letu la mchana dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani, na nyeupe kama ya Corona, hazikingi vya kutosha, kwa hiyo hizo ndizo ziingie ndani mwanzo.

Joto nalo lina kipimo chake cha kukisia: siku 3 kwenye nyuzi 32 huichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au 300 kwenye nyuzi 3. Na stoo ya bati wakati wa kaskazi mnaijua wenyewe. Agiza kidogo kidogo, hasa masika wageni wanapopungua. Chupa zisimame wima, mzigo wa zamani ukae mbele.