Pima urahisi wa ukurasa wako kabla uzuri wake haujakudanganya

Nimemaliza kumsaidia mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kupata ukurasa wa kupokea oda za wateja wa mbali. Hizi ndizo hatua tulizopitia.

Hatua ya 1: Chora kwa penseli, kila skrini na karatasi yake. Figma, programu ya kuchorea kurasa kwenye kompyuta, isubiri. Rangi zikishaingia, watu huongelea rangi tu.

Hatua ya 2: Weka rangi na picha.

Hatua ya 3: Wape watu wajaribu. Hapa ndipo penye kazi. Usimuulize mtu, "Ni rahisi kutumia?" Atakujibu kwa alichopenda kukitazama. Mwaka 1995, watafiti Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa kampuni ya Hitachi, Japani, waliwaonyesha watu 252 miundo 26 ya skrini ya ATM. Muundo uliopendeza ndio ulioonekana rahisi, hata pale ambapo urahisi wake halisi haukuwa mkubwa. Mtafiti Noam Tractinsky akalirudia jaribio hilo Israeli, akitarajia utamaduni mwingine utoe jibu jingine. Uhusiano kati ya uzuri na urahisi unaoonekana ukatokea kuwa na nguvu zaidi. Na sisi tuliolelewa kusifu kazi ya mtu mbele yake, tahadhari iwe mara mbili.

Kwa hiyo mpe kazi: "Agiza kilo tano za dagaa, zitumwe Tabora kwa basi." Kisha nyamaza. Kidole kikisita, andika kimesita wapi. Akiuliza, "Nibonyeze hapa?" mrudishie: "Wewe ungebonyeza wapi?" Mteja mmoja aliusifu ukurasa wetu kuwa safi sana, na oda yake ilikuwa ya kilo moja, alama ya kujumlisha hakuiona kabisa. Sifa zake zingetupoteza.

Atumie simu yake mwenyewe, tena nje juani. Maandishi ya kijivu juu ya weupe hupendeza ofisini, lakini ufukweni hayasomeki. Usichukue ndugu zako. Suala la uzuri liulize mwisho, kazi ikishakwisha.

Pia wape wengine karatasi za penseli, kazi ileile. Wa karatasi wakipita na wa skrini wakikwama, mapambo ndiyo yanayoficha njia. Usiyafute yote, maana ukurasa unaovutia humfanya mteja avumilie kikwazo kidogo. Sisi tuliikuza alama ya kujumlisha, tukaandika "Ongeza kilo" pembeni yake, picha zikabaki.

Hatua ya 4: Rudia na watu wapya. Waliokwisha kuuona ukurasa wanajua njia tayari.