SOMO: Jinsi ya kusoma grafu ya nguvu ya injini ya Spitfire

Wakuu habari zenu. Kila ukikuta watu wanabishana Spitfire na Messerschmitt, ndege za kivita za Mwingereza na Mjerumani kwenye Vita Kuu ya Pili, ipi ilikuwa na injini kali, mmoja anatupa namba yake ya nguvu farasi na mwenzake anatupa ya kwake, basi. Namba hiyo haikusaidii kama hujaambiwa ni futi ngapi angani na kwa busti gani, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa kwenye injini, kwa pauni kwa inchi ya mraba. Tuchukue Merlin III, injini ya Spitfire na Hurricane za 1940, silinda 12, lita 27.

Hatua ya 1: tafuta pale mstari unapovunjika. Chini ya grafu kuna kimo, pembeni kuna nguvu. Kwa busti ya +6¼ na mizunguko 3,000 kwa dakika, Merlin III inatoa nguvu farasi 880 wakati ndege inaondoka ardhini, halafu mstari unapanda hadi 1,030 kwenye futi 16,250, kisha unaanza kushuka. Anza na hapo kabla ya kuangalia kitu kingine.

Hatua ya 2: elewa kwa nini nguvu inapanda wakati hewa inapungua. Hapa ndo wengi wanakwama. Supachaja, yaani pampu ya feni inayoshindilia hewa kwenye silinda, inazungushwa na injini yenyewe kwa gia, feni lake linapiga mizunguko zaidi ya 25,000 kwa dakika. Karibu na bahari hewa ni nzito, ukiliachia feni bila kizuizi litashindilia silinda kupita kiasi, injini itagonga mpaka itoboe pistoni, kwa hiyo kuna kidhibiti cha busti kinachobana throtli (mlango wa hewa ya injini) chenyewe, rubani kasukuma mkono mpaka mwisho lakini kule ndani throtli bado imebanwa. Ukipanda kinaachia kidogo kidogo, hewa inayoingia ni ya baridi zaidi, na moshi unatoka kirahisi maana presha ya nje imeshuka. Futi 16,250 throtli imefunguka yote. Akiba imeisha.

Hatua ya 3: piga hesabu mwenyewe. Usawa wa bahari presha ni pauni 14.7 kwa inchi ya mraba, busti inahesabiwa juu ya hapo, kwa hiyo +6¼ ni karibu 21. Futi 16,250 hewa ya nje ina kama 7.9. 21 gawa kwa 7.9 unapata 2.65, huo ndo uwezo wa supachaja ile. Sasa mwaka 1940 mafuta ya oktani 100 yakaruhusu busti ya +12, jumla 26.7. Gawa kwa 2.65 inakuja kama 10.1, presha ya futi 10,000 hivi. Namba halisi ni nguvu 1,310 kwenye futi 9,000, tofauti inatokana na hewa ya chini kuwa na joto, na hewa ya joto inashindilika kwa shida. Umeona? Mafuta mapya yaliongeza nguvu nyingi huku chini, ila juu ya futi 16,250 hayakuongeza chochote, maana feni ni lile lile.

Hatua ya 4: ukikuta meno mawili, hiyo ni gia mbili. Merlin 61 ina feni mbili zinazopokezana hewa, intakula ya kuipoza, na gia inayojibadilisha yenyewe kwa kufuata presha ya nje. Inatoa 1,565 kwenye futi 12,250, na 1,390 kwenye futi 23,500, ambayo ni juu ya kilele cha Kibo kwa zaidi ya futi 4,000! Na lita ni zile zile 27. Ndo iliyofungwa kwenye Spitfire IX, ikaingia kazini Julai 1942 wakati Fw 190, ndege ya kivita ya Mjerumani, inawatesa marubani wa Spitfire V. Kwenye supachaja za Rolls-Royce jina la kukumbuka ni Stanley Hooker, mwanahisabati aliyeajiriwa pale 1938, namheshimu sana huyu mtu.

MASWALI

*Swali: Mkuu, si wangeweka tu feni kubwa moja yaishe?*
Jibu: Feni linakula nguvu ya injini hiyo hiyo na linapasha hewa moto. Likubwa litakufaa juu, chini litakunyonya bure. Ndo sababu ya gia mbili.

*Swali: Na Mjerumani je, mbona grafu ya DB 601, injini ya Messerschmitt, haina meno?*
Jibu: Supachaja yake iliendeshwa kupitia klachi ya oili, mwendo unaongezeka taratibu kadiri ndege inavyopanda, mstari ukawa laini. Kwa hilo waliwazidi Waingereza, tuseme ukweli.

*Swali: Kwa nini Spitfire haikufungwa tabo (supachaja inayozungushwa na moshi wa injini) kama P-47 ya Mmarekani?*
Jibu: Tabo ya P-47 ilikaa nyuma ya rubani na mabomba marefu ya moshi na hewa chini ya tumbo, Spitfire ingeyaweka wapi? Halafu moshi wa Merlin ulielekezwa nyuma ukasaidia kusukuma ndege, ukiupeleka kwenye tabo unapoteza msukumo huo.

*Swali: Grafu za Mmarekani zimeandikwa presha kwa inchi za zebaki, inchi 61, inchi 67, nazibadilishaje kuwa busti ya Mwingereza?*
Jibu: Toa 30, gawa kwa 2. Inchi 61 ni kama +15, inchi 67 ni kama +18.