Ukienda Mtwara kupumzika baharini, fanya hivi

Kwanza usiende na ratiba. Basi kutoka Dar ni kama kilomita 560 hivi, ukifika umechoka, lala. Kesho yake panda bajaji mpaka Mikindani, ni karibu tu, kilomita kama 10, ukatembee kwenye zile nyumba za mawe na Boma la Mjerumani la mwaka 1895, afu rudi Shangani, ufukwe wa pale Mtwara mjini, jioni uogelee.

Sasa jambo la maana ni maji. Bahari inajaa na kupwa kila baada ya masaa sita hivi, kwa hiyo ukikurupuka tu unakuta maji yameenda huko mbaliii umebaki na matope na kaa, ulizia wavuvi, na siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ndo bamvua, yanajaa sana na kukauka sana.

Ukimkuta mama anachokoa pweza usianze na simu kupiga picha jamani, anza na shikamoo, akishaitikia marahaba mwanangu basi umeshapata mwenyeji. Mimi mmoja alinikalisha kwenye kivuli cha mnazi akanimegea muhogo wa kuchemsha, kanifundisha kupiga pweza kwenye jiwe mpaka alainike, mkono ukaniuma yeye anacheka tu.

Msimbati nako nenda, ni ndani ya hifadhi ya bahari kwa hiyo beba hela ya kiingilio. Korosho nunua siku ya kuondoka, la sivyo utazimaliza njiani kama mimi.