Kujiandaa kwa Onyesho la Metalikoo Albamu Mpya Inapotoka

Bendi ya metalikoo inapotoa albamu kabla ya ziara, isikilize yote kwa mpangilio wake, angalau mara mbili, ukiwa na maneno ya nyimbo mbele yako, kwa sababu muziki huu uliozaliwa na mitindo ya roki ya metali pamoja na panki kali huficha mashairi yake ndani ya ukelele, na sikio geni huambulia kiitikio tu. Mimi humwanzishia mgeni albamu ya Alive or Just Breathing ya bendi ya Killswitch Engage, ya mwaka 2002.

Ukumbini, vaa vizibo vya masikio kabla gitaa la kwanza halijalia: kwa sauti ya desibeli 100, wataalamu wa afya kazini wa Marekani hushauri mtu asizidishe dakika 15 bila kinga. Kisha sikiliza ngoma. Zinapopunguza mwendo ghafla na magitaa kuanza kukatakata noti nzito za chini, duara la watazamaji wanaocheza kwa kusukumana litafunguka katikati ya umati. Asiyetaka kusukumwa ajitenge pembeni mapema, na anayeingia amwinue mara moja yeyote aangukaye. Niliwahi kuteleza, na mikono minne ikanidaka kwapani kabla goti halijagusa sakafu. Viatu viwe vya kamba, tena zifungwe fundo mbili.